Kabla ya busta, pima waya

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wa barua tuzungumzie antena za redio za kutengeneza nyumbani. Hapa Tanga mtu redio yake ikikoroma, ushauri wa kwanza anaopewa dukani ni kununua busta, kile kifaa cha kukuza mawimbi. Anainunua, anaifunga, na mkoromo unapanda pamoja na sauti ya mtangazaji. Busta haijui kipi ni habari na kipi ni kelele. Inakuza vyote viwili, kisha inaongeza kelele kidogo ya kwake. Karibu na minara mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu stesheni yenye nguvu inaizidi busta na kuanza kusikika mahali pasipo pake, juu ya stesheni nyingine. Fedha hiyo hiyo ingetosha waya, bomba na kebo, na chenji ingebaki.

Antena ya kuanzia ni daipoli, yaani mikono miwili ya waya iliyonyooka kwenye mstari mmoja, kebo ikiunganishwa katikati. Urefu wake hauotwi. Chukua 7150, gawanya kwa masafa ya stesheni katika megahezi, jibu ni urefu wa kila mkono kwa sentimita. Stesheni ya 95 inahitaji sentimita 75 kila upande. Anayetaka bendi nzima ya FM, kuanzia 87.5 hadi 108, akate 73 na asiumize kichwa. Aliyekaa darasani vizuri atauliza mbona robo ya wimbi la 95, ambayo ndiyo inayopaswa kuwa urefu wa mkono, ni sentimita 79. Ndivyo lilivyo hewani, lakini waya una unene na una ncha, na kwa mawimbi huwa kama mrefu kuliko rula inavyosema, ndiyo maana tunapunguza kama asilimia 5. Waya wenye ganda la plastiki hupunguzwa tena asilimia 2 au 3. Kwa kusikiliza FM tofauti hiyo haisikiki; kwa anayerusha mawimbi inaonekana kwenye mita mara moja.

Vifaa ni waya wa umeme wa nyumba wa moja na nusu (milimita za mraba 1.5), mita 2. Bomba la PVC la nusu inchi, mita 1.6, la kushikilia mikono. Kebo ya dishi aina ya RG-6 ya kutosha kutoka juu ya paa hadi kwenye redio. Na konekta ya skrubu, ile nyeupe ya mafundi umeme. Kebo ya dishi ina omu 75 (omu ni kipimo cha ukinzani) na katikati ya daipoli kuna kama omu 73, kwa hiyo vinaelewana bila kitu cha ziada kati yao. Kiini cha kebo kiende mkono mmoja, wavu wa nyaya unaokizunguka uende mkono wa pili.

Hapo kwenye wavu ndipo wengi wanapokwama. Nyaya nyembamba za wavu wa RG-6 kwa kawaida ni za alumini, na risasi ya kulehemu haizishiki. Inakaa juu kama tone la maji kwenye jani la mgomba, ukivuta inabanduka. Usishindane nayo. Zisokote nyaya hizo ziwe kamba moja, zikunje mara mbili, zibane kwa skrubu. Kabla ya kubana paka mafuta ya mgando, yale yale ya kujipaka mwilini, kwa sababu alumini ikigusana na shaba mahali penye unyevu wa chumvi hugeuka betri ndogo, na kinacholiwa ni alumini. Mafuta huzuia maji yasifike pale vinapogusana.

Chini kidogo ya kiungo, zungusha kebo mara 6 iwe duara la upana wa sentimita 10 hadi 12 na uifunge isifumuke. Duara hilo si pambo. Bila hilo, upande wa nje wa wavu hugeuka mkono wa tatu wa antena, nao unapita karibu na taa na chaja za nyumbani ukikusanya takataka zao. Kulijua tatizo hili ni rahisi: ishike kebo kwa mkono karibu na redio. Sauti ikibadilika, kebo inafanya kazi isiyo yake.

Redio ndogo isiyo na tundu la antena nayo inaweza kutumia daipoli. Ile antena yake ya kuvuta iache ikiwa imefungwa, bana kiini cha kebo juu yake kwa klipu, na wavu uende kwenye upande hasi wa betri.

Sasa kupima, ambako ndiko utamu wa kazi hii ulipo na ndiko watu wanakojidanganya zaidi. Anayemaliza antena hukimbilia stesheni anayoipenda, akasikia inaimba, akatangaza ushindi. Stesheni hiyo ingeimba hata kwa mwiko wa chuma. FM ina tabia ya kuwa safi kabisa hadi mawimbi yashuke chini ya kiwango fulani, kisha inaanguka ghafla kwenye mkoromo. Juu ya kiwango hicho antena mbaya na antena nzuri zinasikika sawa. Tafuta stesheni dhaifu, inayokoroma nusu, ndiyo iwe hakimu. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja: mahali, au urefu, au uelekeo. Andika kwenye daftari saa, stesheni na ulichobadilisha. Rudia antena ya zamani ndani ya dakika hiyo hiyo, maana hewa nayo hubadilika.

Na hewa ya mwambao hubadilika hasa. Majira ya kaskazi kuna usiku ambapo hewa kavu yenye joto hulala juu ya hewa nyevu ya baharini, na mawimbi ya FM yanasafiri katikati yake kama maji ndani ya mfereji. Stesheni za mbali, za ng'ambo ya mpaka, zinaingia kana kwamba mnara uko Makorora, hapa hapa mjini. Asubuhi hazipo. Antena iliyojengwa na kusifiwa usiku wa namna hiyo isipewe cheti hadi wiki ipite.

Mwenye kompyuta anaweza kutumia kipokezi cha USB cha RTL-SDR, ambacho huonyesha nguvu ya mawimbi kwa desibeli. Muhimu ni kuzima ukuzaji wa kujiendesha na kuuweka kwa mkono kwenye kiwango kimoja. Ukiuacha ujiendeshe, utashusha pale antena inapokuwa nzuri na kupandisha inapokuwa mbovu, na namba zote zitafanana.

Kuhusu uelekeo, daipoli iliyolala husikia vizuri mbavuni na vibaya kwenye ncha. Tanga jambo hili lina maana ya moja kwa moja. Bomba likilala mashariki na magharibi, antena inasikia upande wa Mombasa na upande wa Pangani. Likilala kaskazini na kusini, inasikia Pemba na inasikia Muheza na milima ya Usambara. Kama stesheni moja inaifunika nyingine, usielekeze mbavu kwa unayoitaka. Elekeza ncha kwa unayoikataa. Ncha ni kali kuliko mbavu, kuigeuza digrii chache tu kunatosha kuizima stesheni inayosumbua. Jaribu pia kuisimamisha antena wima, kwa kuwa minara mingine hurusha mawimbi yaliyosimama wima, na daipoli iliyolala huyapokea kwa shida.

Urefu kutoka chini una sifa nyingi, baadhi si zake. Upeo wa mawimbi haya kwa kilomita ni 4.12 mara jumla ya vipeuo vya pili vya urefu wa mnara na wa antena yako, kwa mita. Mnara wa mita 100 na antena ya mita 6 vinafika kilomita 51. Ukipandisha antena hadi mita 12 unafika 55 na nusu. Yaani umeongeza mara mbili mlingoti na kupata kilomita nne na ushei. Faida kubwa ya kupanda ni kuyapita mabati ya jirani na miembe, na mita ya kwanza juu ya paa inalipa kuliko mita tano zinazofuata.

Kwa wanaotaka zaidi, antena ya yagi yenye vijiti vitatu inakusanya kama mara tatu ya daipoli upande wa mbele. Wajapani Yagi na Uda waliieleza miaka ya 1920 na hadi leo hakuna rahisi kuishinda. Kwa stesheni ya 95: kijiti cha nyuma mita 1.56, daipoli mita 1.50, kijiti cha mbele mita 1.40, nyuma hadi daipoli sentimita 63, daipoli hadi mbele sentimita 50. Vijiti vya nyuma na mbele haviunganishwi na kebo. Omu za katikati zinashuka, huenda hadi 25, na wapo watakaokutisha kwa hilo. Kwa kusikiliza tu, 25 kwenye kebo ya 75 inapoteza robo ya nguvu, desibeli 1 na kitu, na sikio haliitambui.

Tukija kwenye chumvi, Raskazone, pale ufukweni, haina mswalie Mtume. Antena nyingi zinazoletwa kwa fundi kwa madai kuwa "imechoka" hazina kasoro kwenye mikono. Kasoro iko kwenye sentimita 30 za mwisho wa kebo. Chana ganda uangalie. Wavu mzima unang'aa kama kijiko kipya. Uliokunywa maji ni mweusi au una unga mweupe, na kiini kina kutu ya kijani. Maji huingia juu, kwenye kiungo kisichofunikwa, kisha hushuka ndani ya wavu kama mafuta kwenye utambi, mita kwa mita. Kata kipande, angalia, kata tena, hadi ufike kwenye kung'aa. Usipofika, kebo yote ni ya kutupa. Mita 20 za RG-6 nzima zinakula robo ya mawimbi kwenye FM. Zilizolowa zinaweza kula karibu yote, na hapo ndipo busta inapouzwa.

Kuziba, usitumie silikoni inayonuka siki. Harufu hiyo ni asidi, nayo inakula shaba chini ya kile unachodhani ni kinga. Funga utepe wa umeme, juu yake vuta mpira wa tyubu ya baiskeli ukiwa umetanuka, ukianzia chini kwenda juu, kila mzunguko ulalie ulio chini yake kama makuti yanavyoezekwa. Ukianza juu kwenda chini umejenga kikombe cha kukinga mvua. Na kebo, kabla ya kuingia dirishani, ishuke chini ya tundu kisha ipande, ili matone yadondokee nje.

Kwa masafa mafupi hesabu ni ile ile, ila waya unakuwa mrefu: megahezi 7.1 inataka mita 10 na sentimita 7 kila mkono. Mji huu umejengwa kwa mkonge, na mkono unaenda wenyewe kwenye kamba ya katani. Kwa antena iache. Katani ikilowa hujifupisha na kuukaza waya hadi ukatike, ikikauka hulegea, na misimu michache baadaye inaoza. Kamba nyeusi ya polyester inavumilia jua na mvua. Ukifunga ncha kwenye mnazi, usikaze fundo. Pitisha kamba kwenye kapi na uning'inize chupa yenye mchanga kilo 2 au 3, mnazi uyumbe unavyotaka.

Anayepima urefu kwa NanoVNA, kifaa kidogo cha kupimia antena, aisawazishe kwanza kwenye ncha ya kebo ya juu, si kwenye tundu la kifaa, la sivyo anapima kebo. Masafa yakionekana chini ya yanayotakiwa, waya ni mrefu. Kwenye megahezi 145 sentimita moja kila upande inasogeza kama megahezi 3, kwenye 7.1 sentimita 10 zinasogeza kilohezi 70. Usikimbilie kukata. Kunja ncha, ilaze juu ya waya wenyewe, pima tena. Kusikiliza matangazo ni haki ya kila mtu. Kurusha mawimbi, hata kwa majaribio ya dakika moja, kunahitaji leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano.

Mlingoti uwe mbali na nyaya za nguzo za umeme kwa zaidi ya urefu wake wote, ili ukianguka usizifikie. Masika yakianza, chomoa kebo kwenye redio uitoe nje ya dirisha kabla ya radi kusikika, si baada.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Magazeti yetu yakitaja stesheni huandika jina na kaulimbiu, kana kwamba redio hutafutwa kwa jina. Tunaomba ukurasa wa burudani uchapishe, hata mara moja kwa mwezi, masafa ya kila stesheni inayosikika mkoani kwa megahezi, mahali mnara wake ulipo, na kama mawimbi yake yamelala au yamesimama. Safu hizo tatu zinatosha mtu kujua akate sentimita ngapi na aelekeze wapi.

Wapenzi wa antena,
Chumbageni, Tanga