Daftari ya ibada yetu ya Kiswahili imeenda wapi?

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Wiki iliopita hapa Kampala tumemzika mzee wetu wa kanisa, mtu wa reli aliyekuja akiwa kijana kutoka Kisumu, na mchungaji alipotaka kusoma wasifu wake ndo tukagundua hakuna hata mtu mmoja aliyebaki anayejua hii ibada yetu ya Kiswahili ilianza mwaka gani. Tukaulizia daftari ya ubatizo, tukaambiwa ilipotea siku tulipohama ule ukumbi wa zamani, ilikuwa boksi moja na vitambaa vya meza ya Bwana. Kusema kweli iliniuma sana.

Mimi niliwahi kusoma Uholanzi miaka miwili, na Jumapili nilikuwa nasali Rotterdam kwenye kanisa la Waskoti. Lilianza 1643, la wafanyabiashara, mabaharia na askari waliokuwa ugenini kule. Mei 1940 Wajerumani wakapiga mji mabomu, kanisa likaisha kabisa, wakajenga lingine 1952, na mpaka leo watu wanasali humo, Waafrika kibao. Na pale Amsterdam kuna la Waingereza, sehemu inaitwa Begijnhof, tangu 1607. Sasa angalia, kijijini hata usipoandika kitu bibi atakumbuka nani alibatizwa lini, lakini kanisa la wageni watu wake hawakai, huyu kazi imeisha, yule kahamishwa, yule karudi kwao, kinachobaki ni daftari tu. Wale Waskoti walilijua hilo ndo maana mwaka wao wanao.

Na hapa kwetu si kwamba hatuna cha kuandika. All Saints pale Nakasero ilikuwa ya Wazungu wakati wa ukoloni, leo ni kathedro ya Waganda na historia yake inajulikana. Kiswahili nacho si cha jana kanisani, mwaka 1875 aliyebaki kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, kumsomea Biblia alikuwa Dallington Maftaa, kijana wa misheni ya Zanzibar, na alisoma kwa Kiswahili! Mmisionari Mackay alipofika 1878 naye alianza kufundisha kwa lugha hiyohiyo. Watu wanasahau hili jamani, wanatuona kama tumeingia na basi la juzi.

Marehemu baba alikuwa ananisimulia mwaka 1970, serikali ya Obote ilipowaondoa wafanyakazi wa Kenya kwa maelfu, Jumapili moja viti vimejaa, zinazofuata mnaimba watu tisa. Halafu 1977 Amin akapiga marufuku madhehebu mengi, wakawa wanasali sebuleni kwa mtu, sauti chini, watoto wamewekwa mlangoni kuangalia. Nani ameandika hayo? Hakuna.

Kwa hiyo nawaomba wazee wa ibada zote za Kiswahili, Wakenya, Wakongo, Watanzania, mkae na vijana wawaandike, hata kwa simu warekodi tu, na wenye vyeti vya ubatizo vya zamani mvitoe kwenye masanduku tuvipige picha. Na wewe mhariri ukiweza tutengee kona ndogo.

Mimi nitaanza. Nina picha moja ya 1968 nje ya ule ukumbi wa zamani, baba yuko mstari wa nyuma, na wengine 11 siwajui hata mmoja. Nitaileta ofisini kwenu Jumatatu.

Msomaji wenu,
Nsambya, Kampala