Breki zilizofeli mteremkoni na gereji inayosema gari ni zima

Mhariri,

Dereva anashuka kutoka Marangu kwenda Himo, au kutoka Rhotia kwenda Mto wa Mbu, anakanyaga breki na pedeli inazama mpaka sakafuni. Kesho yake gari likifikishwa gereji, fundi anakanyaga pedeli na kukuta iko juu. Anachungulia magurudumu manne, haoni panapovuja, pedi bado zipo. Mwenye gari anaambiwa halina tatizo, analichukua na kurudi nalo barabarani. Sisi tunaofanya kazi ya breki tunaomba nafasi kwenye gazeti lako tuseme wazi kwamba jibu hilo ni la hatari. Tatizo lipo, ila limepoa pamoja na gari.

Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, kidogo kidogo, kupitia hozi za mpira na mfuniko wa kikopo chake. Kwa viwango vya DOT (vya idara ya uchukuzi ya Marekani, huandikwa kwenye chupa), mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205. Yakishakuwa na maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho kinashuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Gari ambalo mafuta yake hayajabadilishwa kwa miaka mingi limeshapoteza akiba hiyo ya joto, na mjini halitaonyesha dalili yoyote, kwa sababu kutoka Kijenge hadi Sakina, hapa Arusha, breki hazipati moto wa kutosha.

Mlimani ni habari nyingine. Gari la kilo 1,500 likishuka kimo cha mita 500, nishati inayotakiwa kuzuiwa inatosha kuchemsha ndoo ya maji ya lita 20. Ukishuka na gia nzito, yaani ya namba ndogo, injini inabeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Ukiweka fri, yaani bila gia, ili kubana petroli au dizeli, karibu wote unaangukia kwenye breki. Joto linapita kwenye pedi, linaingia kwenye pistoni ya kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye gurudumu), kisha kwenye mafuta yaliyo nyuma yake. Pedi iliyobaki milimita 3 hupitisha joto haraka kuliko pedi mpya. Maji yaliyomo yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke unabonyea. Mguu wako unabana mvuke badala ya kusukuma pistoni. Baada ya nusu saa au zaidi mvuke unarudi kuwa maji, na pedeli inapanda kama vile hakuna lililotokea. Ndiyo maana fundi wa kesho yake haoni kitu.

Kwa hiyo gari likifika na maelezo hayo, cha kwanza ni kubadilisha mafuta yote, si kujazia. Gari dogo linahitaji kama lita 1. Nunua chupa ambayo haijafunguliwa. Iliyokaa wazi kwenye rafu imeshaanza kunyonya unyevu. Nyonya mafuta machafu kwenye kikopo kwa bomba la sindano, jaza mapya, kisha anza kutoa upepo, yaani hewa iliyonaswa kwenye mabomba, kwenye gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda (pampu inayosukumwa na pedeli). Kwa magari yetu mengi ya usukani wa kulia hilo ni la nyuma kushoto, halafu nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Yapo magari ambayo mtengenezaji ametaja mpangilio mwingine, na huo ndio wa kufuatwa. Endelea kila gurudumu mpaka yatoke mafuta safi yasiyo na mapovu, na usiache kikopo kikauke hata mara moja, la sivyo umeingiza upepo upya.

Hapa kuna kosa linalofanyika kila siku. Msaidizi anaambiwa "piga pampu", anakanyaga pedeli mpaka chini. Ndani ya masta silinda ya zamani, sehemu ambayo mipira yake haifiki kwa kawaida huwa na kutu na uchafu. Pedeli ikifika chini, mipira inasukumwa juu ya kutu hiyo na kuchanika. Gari linatoka gereji na breki nzuri, siku chache baadaye zinafeli, na hakuna anayeelewa kwa nini. Weka kipande cha ubao chini ya pedeli isifike sakafuni. Kazi hiyo haigharimu hata shilingi.

Mipira ya masta silinda iliyochoka ina dalili yake, na mwenye gari anaweza kuipima mwenyewe. Washa gari likiwa limesimama sehemu tambarare, kanyaga breki taratibu kwa nguvu ndogo isiyobadilika, shikilia kwa dakika 1. Pedeli ikiendelea kuzama polepole na nje hakuna tone, mafuta yanavuja ndani kwa ndani. Ikiwa silinda ina mikwaruzo au kutu, usikubali ipigwe msasa na kurudishiwa, badilisha nzima.

Kuhusu kujazia: kikopo kikishuka, kwanza uliza mafuta yamekwenda wapi. Pedi zikilika, kiwango hushuka chenyewe, kwa hiyo ukijazia unaficha taarifa uliyokuwa unapewa. Na tunasihi sana, msiweke mafuta ya injini wala ya pawa stelingi humo. Yanavimbisha mipira yote, pistoni zinashindwa kurudi, breki zinabana muda wote na kujipika zenyewe. Likishatokea hilo, mipira yote ya mfumo pamoja na hozi lazima ibadilishwe.

Pedeli ikiwa ngumu kama jiwe badala ya kuzama, hiyo ni busta (kifaa kinachotumia injini kuusaidia mguu wako kukanyaga) au hozi yake ya upepo. Zima gari, kanyaga mara 5, shikilia, kisha washa. Pedeli isiposhuka kidogo, busta haifanyi kazi. Anayezima injini mteremkoni anajitengenezea hali hiyohiyo, maana busta inabaki na msaada wa kukanyaga mara mbili tatu tu.

Aliyekwama mlimani na pedeli imezama apige pampu haraka, ashushe gia moja moja, na avute hendibreki taratibu huku kitufe chake kimebonyezwa, kwa kuwa kwenye magari mengi inatumia waya na haitegemei mafuta. Asizime injini. Pedeli ikirudi asiendelee na safari kama kawaida, kwa sababu mafuta ni yaleyale.

Malori na mabasi makubwa yanatumia breki za upepo, hayo hatuyagusi. Lakini kwa Noah, Hiace na magari ya watu binafsi, tunaomba wakaguzi wa usalama barabarani wa Arusha na Kilimanjaro waongeze kipimo cha unyevu kwenye mafuta ya breki. Kukanyaga pedeli gari likiwa limesimama na limepoa hakugundui kasoro hii. Kipimo chenyewe ni kifaa cha ukubwa wa kalamu kinachochovywa kwenye kikopo na kutoa jibu ndani ya sekunde chache, na gari lenye mafuta mabovu lisipewe stika mpaka yabadilishwe.

Mafundi wa breki,
Unga Limited, Arusha