Msipeleke fainali kwenye Hekalu la Hyrule

Mhariri,

Naomba nafasi nipinge rai inayorudiwa kila yanapoandaliwa mashindano ya Super Smash Bros. Melee, gemu ya video ya mapigano, kwamba fainali ichezwe Temple, yaani Hekalu la Hyrule, kwa kuwa uwanja ni mkubwa na watazamaji wanaupenda. Ukubwa peke yake si kosa. Tatizo ni umbo.

Hekalu lile lina njia juu na pango chini, na vyote vimeungana. Mchezaji anapita juu, anashuka upande mmoja, anakatiza chini, anapanda upande wa pili, amerudi alikoanzia. Sasa weka wahusika wawili wa gemu, Fox mwenye mbio dhidi ya Ganondorf mzito. Fox anapiga risasi mbili tatu, hazimyumbishi adui lakini asilimia zake, yaani kipimo cha madhara aliyopata, zinapanda, kisha anatimua mbio. Mashindano ya Melee kwa kawaida ni roho 4 (nafasi za kutolewa) kwa kila mchezaji na dakika 8. Muda ukiisha roho zikiwa sawa, mwenye asilimia ndogo ndiye mshindi. Ganondorf akimvizia kulia, mwenzake anageukia kushoto. Ni kufukuzana kuzunguka nguzo mpaka saa iishe, na hakuna kanuni iliyovunjwa.

Halafu kuna lile pango. Katika gemu hii mtu hatolewi kwa sababu asilimia zimejaa. Hutolewa akirushwa nje ya mipaka, na mipaka ya Temple iko mbali. Pangoni kuna dari pia. Aliyepigwa kwenda juu akibonyeza kitufe cha L au R ndani ya fremu 20 (fremu ni picha moja ya skrini) kabla ya kugonga, mwendo wake unafia pale pale. Gemu inakwenda fremu 60 kwa sekunde, kwa hiyo ana theluthi ya sekunde, muda wa kutosha kwa aliyezoea. (Kubonyeza ovyo hakusaidii: ukiwahi mno, zinapita fremu 40 kabla kitufe hakijakubali tena.) Ndiyo maana watu wanafika asilimia 200 na kupita, bado wanadunda. Pigo ambalo kwenye uwanja usio na dari kama Battlefield lingemtoa mtu, hapa linamgongesha dari tu.

Hata hoja ya watazamaji haisimami. Wachezaji wakitengana, kamera inarudi nyuma ili iwaonyeshe wote, na wapiganaji wanabaki kama sisimizi.

Waandaaji watumie viwanja 6 vilivyozoeleka: Battlefield, Final Destination, Yoshi's Story, Dream Land, Fountain of Dreams na Pokémon Stadium. Wanaocheza toleo la Ultimate la 2018 wana njia rahisi zaidi. Kwenye skrini ya kuchagua uwanja, weka kishale juu ya Temple, bonyeza X mpaka litokee umbo liitwalo Omega. Mandhari ni yale yale, ila ardhi inakuwa tambarare moja, hakuna pa kuzunguka.

Temple yenyewe ibaki kwa watu 4 sebuleni, silaha zikidondoka, dakika 5, kwa mtindo wa muda na si wa roho. Huko kumtoa mtu ni pointi 1, kutolewa ni kupoteza 1, na anayekimbia tu anamaliza na sifuri.

Mdau wa gemu za mapigano