Maganda ya kahawa yapimwe kabla ya kuchomwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo linalonisumbua kila msimu wa kahawa. Karibu na kwangu, hapa Masaka, Uganda, kuna kinu cha kukobolea robusta, na nyuma yake hurundikwa maganda mpaka yakapita urefu wa paa. Ni makavu na mepesi, ukiyafikicha yanakuachia kiganjani vumbi la rangi ya tumbaku, na jioni malori huja kuyabeba yakachomee matofali. Maganda ya namna hiyo yanaweza kuzaa kaboni ya betri, lakini katika nchi hii ambamo bodaboda za umeme zinazidi kuonekana, sisikii yakitajwa.

Betri ya lithiamu tuliyoizoea hutumia grafaiti, yaani kaboni yenye tabaka zilizopangika vizuri, katika upande wake hasi, nayo huchimbwa ardhini au hutengenezwa kutokana na mabaki ya mafuta ya petroli, kazi inayofanyika zaidi China. Betri za sodiamu, ambazo sasa zinaingia sokoni, haziwezi kuitegemea grafaiti, kwa kuwa sodiamu haikai vizuri katikati ya tabaka zake. Zinahitaji kaboni ngumu, ambayo tabaka zake zimepishana ovyo na kuacha vitundu vidogo mno vya kuihifadhi sodiamu. Mwaka 2000, watafiti Stevens na Dahn wa Kanada walionyesha kwamba kaboni iliyotokana na glukosi, sukari ya mimea, huhifadhi takriban miliampia-saa (kipimo cha chaji ya umeme) 300 kwa gramu. Ukomo wa grafaiti kwa lithiamu ni 372. Leo vifuu vya nazi ni malighafi ya biashara ya kaboni ngumu.

Sisemi kwamba kila mchoma mkaa ataiweza kazi hii. Tanuri la udongo halifikii nyuzi 1,000 hadi 1,500 za Selsiasi zinazotakiwa, tena bila oksijeni, na maganda ya kahawa yana potasiamu nyingi ambayo yafaa ioshwe kwa asidi, kwani majivu yakibaki hudhoofisha betri. Maji ya asidi hiyo nayo yakimwagwa katika kinamasi cha Nabajjuzi, tutakuwa tumejiletea balaa jingine. Upande wa nishati tumejaliwa, maana umeme wetu mwingi unatokana na maji, na bwawa la Karuma peke yake limejengwa kutoa megawati 600.

Ninaloomba si kiwanda. Naomba vyuo vikuu vyetu vichukue maganda ya robusta ya huku na ya arabika ya Mlima Elgon, pamoja na makapi ya miwa, viyachome maabara na kutangaza matokeo hadharani, hata yakiwa mabaya. Wakulima wanaotandaza maganda migombani wasinyang'anywe, wala usikatwe mti hata mmoja kwa kisingizio cha betri. Mwenye kinu ameniambia atatoa magunia bure kwa mtafiti yeyote atakayeyafuata.

Wako,
Msomaji, Masaka