Kuku akikoroma, dawa isiwe jambo la kwanza

Mhariri,

Hivi karibuni ukurasa wenu wa ufugaji uliwashauri wenye kuku wachache wa nyumbani kwamba, kuku akianza kukoroma au kutokwa na kamasi, waweke antibiotiki katika maji ya kundi zima kwa siku kadhaa na hali itatengemaa. Ushauri huo ulitolewa kwa nia njema, na najua ndio unaofuatwa na wafugaji walio wengi. Hata hivyo una kasoro ambazo mfugaji huzilipia kwa fedha, kwa kuku, na mara nyingine kwa afya ya walaji wa mayai yake, na kwa sababu hiyo naomba nafasi niujibu.

Kasoro kubwa ni kuyachukulia magonjwa yote ya njia ya hewa kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Kuku anayekoroma usiku, anayepiga chafya, au anayenyoosha shingo na kupanua mdomo ili apate pumzi, anaweza kuwa na maikoplazma, ugonjwa wa bakteria wadogo sana, ambao huanza polepole na kudumu kwa majuma; anaweza kuwa na mafua makali ya kuku, ambayo huenea bandani ndani ya siku chache, huvimbisha uso na kope, na kamasi yake huwa na harufu mbaya; anaweza kuwa na mdondo, ambao wengine huuita kideri, au kirusi kingine cha koo na mapafu. Anaweza pia kuwa na ukungu mapafuni uliotokana na matandiko au chakula kilichovunda, au minyoo myekundu inayokaa katika koo la hewa na kumfanya apige miayo na kutikisa kichwa. Kwa mtu anayesikiliza akiwa nje ya banda, haya yote hutoa sauti zinazokaribiana. Antibiotiki haiui kirusi, haiui ukungu, wala haiondoi minyoo.

Hata pale ambapo chanzo ni bakteria, haifai kuchukua dawa yoyote iliyo karibu. Maikoplazma haina ukuta wa seli, na dawa za jamii ya penisilini, ikiwamo amoksisilini, hufanya kazi kwa kuuvuruga ukuta huo; mfugaji anaweza kumaliza dawa halali, isiyopitwa na wakati, bila kukidhuru kabisa kijidudu kinachomsumbua kuku wake. Zinazotumika zaidi dhidi ya maikoplazma ni tailosini na dawa za jamii ya tetrasaiklini, na hizo nazo hutuliza dalili bila kukimaliza kijidudu mwilini. Kuku anayeonekana kupona huendelea kukibeba, huweza kukipitisha kwa kifaranga kupitia yai, na dalili humrudia anapopatwa na baridi, anapohamishwa au anapoanza kutaga. Mfugaji asiyeelezwa haya hudhani dawa ilikuwa hafifu, hutafuta iliyo kali zaidi, na kwa mwendo huo vijidudu hujenga usugu. Marekani ilikwisha kuiondoa antibiotiki iitwayo enrofloksasini katika matibabu ya kuku mwaka 2005 kwa hofu ya usugu wa bakteria wanaoambukiza binadamu. Inashangaza kuona dawa hiyo bado ikipendekezwa kirahisi kama kwamba ni vitamini.

Kuna pia suala la maji yenyewe. Kuku mgonjwa hunywa kidogo, na aliye mzima hunywa kama kawaida, kwa hiyo dawa iliyochanganywa kwenye chombo cha pamoja huwafikia zaidi wasioihitaji, na mgonjwa hupata dozi pungufu. Tetrasaiklini, kwa upande wake, hushikana na kalisi, madini yanayojenga ganda la yai, na chakula cha kuku wa mayai kina kalisi nyingi, jambo linalopunguza kiasi cha dawa kinachoingia mwilini. Hiyo ni sababu nyingine ya kumwachia daktari wa mifugo achague dawa na njia ya kuitoa.

Sisemi mfugaji akae akitazama. La haraka kuliko yote ni kumtenga mgonjwa mahali pakavu, penye joto na pasipo na upepo mkali, kumpa chombo chake cha maji, na kuwahudumia wazima kwanza ndipo aende kwa mgonjwa. Pua iliyoziba na macho yaliyogandana yasafishwe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Asimiminiwe dawa wala mafuta mdomoni anapohema kwa shida, kwa kuwa tundu la njia ya hewa la kuku liko nyuma tu ya ulimi na kinachomiminwa huishia mapafuni kwa urahisi. Asibanwe kifuani pia: kuku hana kiwambo kama chetu, yaani msuli wa kupumulia ulio kati ya kifua na tumbo, hupumua kwa kupanua na kukunja kifua na tumbo, na akikandamizwa anaweza kukosa pumzi mkononi.

Baada ya hapo mfugaji achunguze banda, na hapa ndipo ningependa makala yenu ingekaa zaidi. Kinyesi kilicholowana hutoa amonia, gesi yenye harufu kali, na amonia huharibu vinyweleo vidogo vinavyosukuma uchafu kutoka katika njia ya hewa, hivyo vijidudu hupata mlango. Kipimo ni rahisi: inama mpaka kichwa chako kifike usawa wa kichwa cha kuku, asubuhi kabla banda halijafunguliwa, macho yakiwasha, kuku wako ameivuta hewa hiyo usiku kucha. Wafugaji wengi huziba kila upenyo kwa kuogopa baridi, ilhali kuku mkavu mwenye manyoya kamili huvumilia baridi kuliko hewa nzito. Matundu yawe juu ya vichwa vyao wanapolala, matandiko yabadilishwe kabla hayajashikana, na kuku mgeni atengwe kwa muda wa mwezi mmoja kabla ya kuchanganywa na wenyeji.

Vifo vya ghafla vikiwa vingi, au kukiwa na kuhara kijani, shingo kupinda na uso kuvimba kwa pamoja, mfugaji aache matibabu yote na atoe taarifa kwa mamlaka ya mifugo. Huenda ni mdondo au homa ya mafua ya ndege. Mizoga isipasuliwe nyumbani wala kuku waliobaki wasiuzwe. Mdondo hauna tiba. Una chanjo, na hiyo hutolewa kabla ya ugonjwa kuingia.

Nimalizie kwa mayai, ambayo makala yenu haikuyataja hata kidogo. Sehemu kubwa ya kiini hujengeka katika siku zipatazo kumi kabla ya yai kutagwa, kwa hiyo masalia ya dawa huweza kuendelea kutokea katika mayai hata baada ya matibabu kukoma. Naomba basi kwamba kila mnapotaja dawa ya kuku, mtaje pia siku za kusubiri kabla ya kula mayai na nyama, na ikiwa lebo ya dawa hiyo inakataza kupewa kuku wanaotaga, mlieleze hilo waziwazi katika aya ile ile.

Wenu,
Msomaji na mfugaji