Nassoro, Sudi anakuja Tanga

Nassoro kaka, mambo? Shemeji na watoto hawajambo? Huku Dar tupo, tunamshukuru Mungu. Najua hatujaandikiana muda, ila nina ombi, tafadhali soma mpaka mwisho.

Sudi anakuja kwako wiki ijayo kupumzika. Kile kikohozi walichosema TB, akamezeshwa dawa wee na makohozi kila yakipimwa hayaonyeshi kitu, kumbe siyo. Juzi kati kainama kufunga viatu, ghafla ubavu kama kachomwa kisu, pumzi haipandi, tukamkimbiza hospitali wakakuta pafu limetoboka hewa imejaa kifuani, akawekewa mpira ubavuni, chupa ipo chini ya kitanda inatoa mapovu kila akikohoa. Nassoro nililia. Kupigwa CT ndo wakaona mapafu huku juu yamejaa vinundu na vitundu, wakakata kinyama wakapima. Unaitwa histiositosisi ya seli za Langerhans, ni wa nadra sana, seli za kinga zinajazana kwenye mapafu, na watu wazima wanaoupata karibu wote ni wavutaji, wengi wana miaka 20 mpaka 40. Sudi ana 34!

Sasa dokta kasema tiba ya kwanza ni kuacha sigara, kabla ya dawa yoyote. Wapo wakiacha tu vinundu vinapungua, wengine ugonjwa unasimama hapo hapo, ingawa kuna ambao unaendelea ndo maana lazima arudi kupimwa pumzi. Na asizamie baharini hata mkimbembeleza, pafu linaweza kutoboka tena.

Ameacha kaka, ila akisikia harufu tu mikono inamtetemeka, nimeona kwa macho yangu. Ndo ombi langu hilo, kwako sigara isiwashwe, wala barazani, wala asikutwe na pakiti mezani. Na wewe acha naye jamani, mwaka 1 tu bila sigara hatari ya ugonjwa wa moyo inashuka karibu nusu, wewe na presha yako hiyo. Mkiacha wawili ataweza, peke yake naogopa.

Kile chumba cha uani bado kipo wazi? Mzee Shomari bado anakuja kuvutia hapo jioni, na utamwambiaje? Siku hizi unavuta ngapi kwa siku, niambie ukweli? Shemeji umeshamwambia? Utaacha naye? Nijibu kabla hajapanda basi.

Wako,
Rehema