Rangi nyekundu katika orodha za matokeo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwatahadharishe walimu wenzangu tunaopanga matokeo kwa Excel, programu ya kompyuta ya majedwali. Tunapoiagiza programu ipake nyekundu kila alama iliyo chini ya 30, yaani daraja F kwa kidato cha nne, kisanduku kitupu cha mwanafunzi ambaye hakufanya mtihani nacho hupakwa nyekundu, kwa sababu huhesabiwa kuwa sifuri. Kinyume chake, alama iliyoingizwa kama maandishi, yaani programu haiioni kuwa namba, hata ikiwa 12, hubaki bila rangi, na kosa hili mimi naliona baya zaidi kwa kuwa halijitangazi. Katika maagizo ya rangi tunayoipa programu, kanuni ya kuacha visanduku vitupu bila rangi itangulie na kuzizuia kanuni zinazofuata, na alama zihakikiwe kuwa zimeingizwa kama namba kabla orodha haijabandikwa ubaoni.

Mwalimu wa Hisabati,
Morogoro